Eternauta: katuni ya vita iliyommeza aliyeiandika

Leo naweka kando mambo ya programu na seva. Kuna katuni moja ya Argentina ambayo kila mpenzi wa hadithi za sayansi anafaa kuijua. Wengi waliitazama ikiwa filamu ya mfululizo kwenye Netflix mwaka 2025, lakini nimegundua kwamba wachache wanajua ilikotoka, na wachache zaidi wanajua kilichompata mwandishi wake. Inaitwa El Eternauta. Jina hilo limeundwa kwa mfano wa neno la mwanaanga, ila huyu habari yake si anga. Yeye ni baharia wa umilele, mtu anayezurura katika nyakati.

Ukiulizwa inahusu nini, jibu la haraka ni kwamba ni vita kati ya binadamu na wavamizi kutoka sayari nyingine. Jibu la kweli ni kwamba inahusu baba anayetaka kurudi nyumbani kwake.

Onyo kwa wasiopenda kuharibiwa utamu: hapa chini nitasimulia mpaka mwisho.

Aliyeiandika

Héctor Germán Oesterheld alizaliwa Buenos Aires mwaka 1919. Alisomea jiolojia, kwa hiyo sayansi ilikuwa fani yake halisi. Baadaye aliacha mawe akashika kalamu, akawa mwandishi wa hadithi za watoto na za katuni. Yeye hakuwa mchoraji. Aliandika maneno na mpangilio wa picha, wengine wakachora.

Mapema kabisa alionyesha kwamba vita kwake si mchezo wa mashujaa. Mwaka 1953 alianza Sargento Kirk pamoja na mchoraji Mwitaliano Hugo Pratt, ambaye wakati huo aliishi Argentina. Kirk ni askari wa Marekani anayetoroka jeshi baada ya mauaji ya Wahindi Wekundu, kwa kuwa dhamiri yake imekataa. Mwaka 1957 wawili hao wakaleta Ernie Pike, mwandishi wa habari wa Vita vya Pili vya Dunia. Pike haulizi nani alishinda. Anasimulia habari za mtu mmoja mmoja: Mjerumani, Mmarekani, Mjapani, mwoga, mwenye huruma, anayekufa kwa sababu ya kipuuzi. Enzi hizo katuni nyingi za vita zilikuwa na upande wa wema na upande wa mashetani, basi. Oesterheld alikataa mpango huo.

Mwaka huohuo wa 1957 yeye na ndugu yake Jorge walianzisha kampuni yao ya uchapishaji, Editorial Frontera. Tarehe 4 Septemba 1957, katika jarida lao la kila wiki, Hora Cero Semanal, El Eternauta ikaanza. Mchoraji alikuwa Francisco Solano López. Iliendelea hadi mwaka 1959, ikafika kurasa zaidi ya 350.

Angalia tarehe hizo. Mwezi mmoja kamili baada ya toleo la kwanza, tarehe 4 Oktoba 1957, Wasovieti walirusha Sputnik. Na miaka miwili nyuma, tarehe 16 Juni 1955, ndege za jeshi la Argentina lenyewe zilidondosha mabomu katika Plaza de Mayo, katikati ya mji mkuu, zikijaribu kumwondoa rais Juan Perón. Walikufa watu zaidi ya 300, wengi wao raia waliokuwa kwenye shughuli zao. Kwa hiyo msomaji wa Buenos Aires aliyefungua jarida lile hakuhitaji kuelezwa maana ya kifo kushuka kutoka juu. Alishakiona.

Usiku wa theluji

Hadithi inaanza kwa mwandishi wa katuni anayefanya kazi usiku nyumbani kwake. Ghafla kiti kilicho mbele yake kinalia, na mtu anatokea hewani, amekaa. Mtu huyo ni Juan Salvo. Anaomba apumzike, kisha anasimulia.

Salvo alikuwa na kiwanda kidogo cha transfoma. Aliishi Vicente López, kitongoji cha kaskazini mwa Buenos Aires, na mkewe Elena na binti yao Martita. Usiku ule alikuwa juu darini akicheza karata na rafiki zake watatu: Favalli, mwalimu wa fizikia, Lucas, karani wa benki mwenye uraibu wa vifaa vya elektroniki, na Polsky, mstaafu anayetengeneza fidla. Kama wewe ni fundi wa kujifunza mwenyewe, hawa ni watu wako. Kila mmoja ana kakazi kake pembeni.

Taa zinazimika. Nje kunakuwa kimya kisicho cha kawaida. Wanachungulia dirishani na kuona theluji inaanguka, chembe zinazong'aa, jambo geni kabisa kwa mji ule. Kila anayeguswa na chembe moja anakufa palepale. Barabara imejaa maiti na magari yaliyogongana. Polsky anafikiria familia yake, anatoka mbio kuifuata, na hapiti hatua nyingi.

Hiyo ndiyo bei ya kwanza, na inalipwa na mzee mwenye fidla, si na askari.

Waliobaki wanaziba nyufa za madirisha. Wanashona vazi lisilopitisha kitu, na uso unafunikwa kwa kinyago cha kupigia mbizi. Picha ya Salvo akitembea peke yake kwenye theluji na kinyago kile ndiyo inayochorwa hadi leo kwenye kuta za Buenos Aires. Hakuna silaha ya ajabu wala maabara ya siri. Kuna kitambaa, gundi, sindano, na watu wanaojua kutengeneza vitu kwa mikono yao.

Favalli ndiye anayesema jambo gumu mapema: kuanzia sasa hatari ya kwanza ni binadamu mwenzao. Atakayewaona wamevaa vazi lile atataka kuwaua ili alichukue. Mpaka hapo wavamizi hawajaonekana hata kidogo, na tayari jirani amekuwa adui. Nadhani hapa ndipo Oesterheld anawazidi waandishi wengi wa hadithi za sayansi. Kabla ya kuonyesha zimwi lolote, ameonyesha vita inavyobadilisha hesabu za mtu wa kawaida anapomwona mwenzake.

Nani anamwamuru nani

Baadaye mabaki ya jeshi yanakusanya raia walio hai, na vita vyenyewe vinaanza. Vinapiganwa mahali ambapo wasomaji walipita kila siku: barabara ya General Paz, uwanja wa mpira wa River Plate, Plaza Italia, Plaza del Congreso. Solano López alichora kona halisi za mji. Ni kama mtu achore mapigano ya mzunguko wa Globe, Kasarani na Uhuru Park, na wewe usome gazeti hilo ukiwa ndani ya matatu inayopita palepale.

Kwetu sisi watu wa tarakilishi, kinachovutia zaidi ni jinsi jeshi la wavamizi lilivyopangwa. Nitalichora kwa maneno:

Chini kabisa kuna wadudu wakubwa kama mbawakawa, na majitu mengine yanayobomoa majengo kwa uzito tu. Wadudu hao hawakuchagua vita. Wamechomekwa kifaa shingoni kinachopokea amri kutoka mbali.

Pamoja nao kuna watu-roboti. Hao ni binadamu waliotekwa wakachomekwa kifaa kama hicho. Unampiga risasi adui, ukimkaribia unakuta ni kijana wa mtaa wako.

Juu yao kuna wanaoitwa Mano, yaani Mkono, viumbe wenye hekima na vidole vingi, wanaoendesha wote hao kwa vitufe. Ukiwatazama unadhani umempata mkuu wa adui. Lakini hata wao ni watumwa. Waliwekewa ndani ya mwili tezi ya hofu. Mano akiogopa, au akifikiria kuasi na moyo ukamdunda kwa woga, tezi inamwaga sumu na anakufa.

Juu kabisa kuna wanaoitwa Wao. Hawaonekani katika picha hata moja kati ya kurasa zote zile.

Fikiria mpango huo kama mhandisi. Ni mfumo ambao kila ngazi inalazimishwa na ngazi ya juu yake, na aliyeandika amri hashiki bunduki wala haonekani. Ukiharibu ngazi moja, unakuwa umewaua mateka. Ile tezi nayo ni ya kutisha kwa sababu haihitaji mlinzi. Mlinzi ni hofu ya mtumwa mwenyewe.

Kuna ukurasa ambao Mano mmoja anayekufa anazungumza na Salvo na wenzake bila chuki, kisha anaimba wimbo wa kwao alikozaliwa. Katika katuni ya vita ya mwaka 1957 hadi 1959, adui mkuu anakufa akiimba, na msomaji anamwonea huruma. Aliyemwandika Ernie Pike alikuwa hajabadilika.

Mwisho wake

Vita vinashindwa. Buenos Aires yenyewe inateketezwa kwa bomu la nyuklia. Redio inatangaza kwamba kuna sehemu zisizo na theluji ambako walionusurika watapokewa. Salvo na kundi lake wanaelekea huko na familia. Ni mtego. Matangazo yametoka kwa wavamizi. Favalli na wenzake wanatekwa na kugeuzwa watu-roboti.

Salvo anakimbia na Elena na Martita, wanaingia katika chombo cha adui, na yeye anabonyeza vitufe asivyovijua. Chombo kinawatupa nje ya wakati. Anapozinduka yuko peke yake. Mkewe na bintiye wametupwa kwenye wakati mwingine, na tangu hapo anawatafuta karne hadi karne. Hivyo ndivyo alivyokuwa Eternauta, na ndivyo alivyofika kwenye kiti cha yule mwandishi.

Halafu anauliza ni mwaka gani. Ni 1959. Uvamizi utatokea 1963. Maana yake familia yake iko hai, mitaa michache kutoka pale! Anakimbia nyumbani, anawakuta, na palepale anasahau kila kitu. Rafiki zake wanafika kucheza karata. Anayekumbuka ni mwandishi peke yake, naye hajui la kufanya ila kuichapisha hadithi, labda itazuia yatakayokuja.

Mara ya pili, mara ya tatu

Mwaka 1969 Oesterheld aliiandika upya kwa jarida la Gente, safari hii na mchoraji Alberto Breccia. Ilikuwa kali zaidi kisiasa: mataifa makubwa yanawaachia wavamizi Amerika ya Kusini ili yenyewe yasalimike. Michoro ya Breccia ilikuwa ya giza na ya kujaribu mambo mapya. Wasomaji walilalamika, jarida likawaomba radhi, na hadithi ikafupishwa kwa haraka. Mwaka mmoja nyuma, 1968, Oesterheld alikuwa ametoa katuni ya maisha ya Che Guevara pamoja na Alberto Breccia na mwanawe Enrique. Hiyo nayo iliwindwa na serikali ya kijeshi.

Miaka ya 1970 binti zake wanne walijiunga na Montoneros, kundi la mrengo wa kushoto la wafuasi wa Perón lililoshika silaha, na baba yao akaingia pia, upande wa habari na maandishi. Tarehe 24 Machi 1976 jeshi lilipindua serikali. Oesterheld akiwa mafichoni aliandika El Eternauta ya pili, na Solano López akaichora, ikatoka katika jarida la Skorpio.

Juan Salvo wa hadithi hii si yule tuliyemzoea. Amekuwa kamanda mgumu, tayari kutoa watu wake kafara. Elena na Martita wanakufa, na yeye hasimami kuwalilia. Solano López hakuipenda sura hiyo mpya ya hadithi. Lakini hebu isome ukijua kilichokuwa kikitokea nyumbani kwa mwandishi.

Nyumba ya Oesterheld

Beatriz alitekwa Juni 1976. Yeye ndiye peke yake ambaye mwili wake ulirudishwa kwa mama yake. Diana alichukuliwa Tucumán mwaka huohuo, akiwa mjamzito. Héctor mwenyewe alikamatwa La Plata, tarehe 27 Aprili 1977. Marina alitoweka mwishoni mwa 1977, naye mjamzito. Estela aliuawa Desemba 1977. Mkubwa wao hakuwa amefika miaka 30. Waume zao pia waliangamia.

Sehemu za Eternauta ya pili zilikuwa zikiendelea kutoka magazetini huku aliyeziandika yuko kizuizini.

Mfungwa mwenzake aliyenusurika alieleza usiku wa Krismasi 1977. Walinzi waliwaruhusu wafungwa kuvua vifuniko vya kichwa kwa dakika chache. Oesterheld, akiwa mzee kuliko wengine, aliomba awasalimie wote, akapita akiwashika mkono mmoja baada ya mwingine. Baada ya mwanzo wa 1978 hakuna aliyemwona tena.

Solano López naye aliguswa. Mwanawe alikamatwa mwaka 1977, na baada ya kuachiliwa baba na mwana walikwenda kuishi Hispania. Alifariki mwaka 2011.

Katika nyumba ile alibaki mke, Elsa Sánchez. Mjukuu wake Martín, mtoto wa Estela, alikuwa mdogo sana alipochukuliwa siku wazazi wake walipouawa. Kabla ya kukabidhiwa kwa jamaa alipelekwa kizuizini, akaonana na babu yake. Elsa ndiye aliyemlea. Mjukuu mwingine, Fernando, mtoto wa Diana, alilelewa na wazazi wa baba yake. Wale wawili waliokuwa tumboni hawajapatikana. Elsa alijiunga na Nyanya wa Plaza de Mayo, akafariki mwaka 2015.

Hesabu ya nyanya

Hapa sayansi inarudi, na si ya kubuni tena. Utawala ule uliwachukua watoto waliozaliwa vizuizini na kuwapa familia nyingine, nyingi zikiwa za askari au rafiki zao. Nyanya hao walikuwa na swali ambalo wataalamu hawakuwa na jibu lake: utathibitishaje kwamba mtoto ni wa ukoo fulani ikiwa baba na mama hawapo kabisa? Vipimo vya enzi hizo vililinganisha mtoto na mzazi.

Waliwaendea wanasayansi wa nje. Mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, Mary-Claire King, alishirikiana nao kutengeneza hesabu ya uwezekano kwa kutumia damu ya babu, nyanya, shangazi na wajomba. Ilianza kutumika mahakamani mwaka 1984. Baadaye ikaongezwa DNA ya mitokondria, ambayo hurithiwa kwa mama peke yake. Uzuri wake ni huu: nyanya mzaa mama, binti yake na mjukuu huwa na DNA hiyo ileile. Hata binti akitoweka, mnyororo haukatiki. Mwaka 1987 Argentina iliunda kwa sheria benki ya taifa ya data za kijenetiki, ili damu ya nyanya iendelee kuwasubiri wajukuu hata baada ya yeye kufa.

Kufikia mwaka 2025 walikuwa wamewatambua wajukuu 140. Tume ya serikali ya mwaka 1984 iliorodhesha watu 8,961 waliotoweshwa. Mashirika ya haki za binadamu husema 30,000.

Sisi hupenda kujisifu kwa hifadhidata zinazojibu kwa sehemu ya sekunde. Hii ya nyanya imewahi kujibu baada ya miaka 40, na jibu likawa mtu mzima anayejua jina lake halisi kwa mara ya kwanza.

Kwa nini uisome

Filamu ya mwaka 2025, iliyoongozwa na Bruno Stagnaro, imeileta hadithi kwenye wakati wetu, na Ricardo Darín ndiye Juan Salvo. Mjukuu Martín alikuwa mshauri. Safari hii Salvo ni askari wa zamani wa vita vya Malvinas vya mwaka 1982, ambavyo Argentina ilipoteza watu 649. Anaingia kwenye theluji tayari amebeba vita vingine kichwani. Naona Oesterheld angekubali badiliko hilo. Ukipenda kitabu chenyewe, tafsiri ya Kiingereza ilitoka kwa Fantagraphics mwaka 2015. Anza na kile cha 1957, kisha ndipo uende kwenye cha pili.

Oesterheld alisema kwamba shujaa wa kweli wa hadithi yake si mtu mmoja bali ni kundi. Mimi ningeongeza kwamba hasara pia haikuwa ya mtu mmoja. Mwaka 1957 aliandika habari za mwanamume aliyenusurika vita akabaki akitafuta familia yake katika nyakati zote. Alidhani anamwandika Juan Salvo. Aliyekuja kuyaishi maisha hayo ni Elsa, bila chombo cha kusafiria nyakati, na wajukuu wake wawili, kama wako hai, leo ni watu wa karibu miaka 50 ambao huenda wameisoma katuni ya babu yao bila kujua ni babu yao.